Nyayo Kizingitini

Tangu kila nyumba iwekewe kizingiti kinachosoma nyayo, hakuna anayeingia kwake na viatu. Kikiona doa baya huwaka taa nyekundu. Hapo mwanamke hupewa siku thelathini za kwenda hospitali, lakini mwanamume hufuatwa na wauguzi siku hiyohiyo, maana saratani ya ngozi humuua mwanamume upesi zaidi.

Ndiyo maana Mwanasiti, fundi cherehani, aliingiwa na hofu. Tangu waoane, mumewe Shekuwe hakuwahi kupita mlango wa uani, akiuita mlango wa wanawake. Juma hili alikuwa ameupita mara tatu, na mlango ule hausomi nyayo.

Adhuhuri Shekuwe alipolala, Mwanasiti aliuinua mguu wake wa kushoto taratibu. Katikati ya wayo palikuwa na doa jeusi, kubwa kuliko punje ya choroko, kingo zake hazikulingana.

Shekuwe alipoamka, Mwanasiti alimwambia, "Baba Rukia, mficha maradhi kilio humuumbua. Kesho pita mbele, nakusihi."

"Nitapita. Usinianzie matanga ningali hai."

Asubuhi Mwanasiti aliutafuta wembe wake wa kukatia nyuzi, asiuone.

Alasiri alimngoja sebuleni. Shekuwe alivua makubadhi, akakanyaga kizingiti kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Taa ilisita, ikawaka kijani.

"Umeona?" alisema bila kumtazama. "Mimi mzima."

 Mwanasiti alikuwa akiitazama sakafu. Alama za mguu wa kulia zilikuwa za vumbi; za kushoto, za damu.