Roshani Nyuma ya Bibi Harusi

"Usinipigie kelele, mke wa mwanangu Shekue! Umezaliwa kwenye mabati, utajuaje roshani?"

"Najua itasimama wapi, mama. Hapa hapa jikoni kwangu."

Mama mkwe aliikumbatia picha kifuani. Ni picha ya harusi yake: yeye na shela, na nyuma yake hoteli ya zamani ya Tanga, yenye nguzo nyeupe, roshani za mbao na ngazi za marumaru. Nyumba yetu imejengwa juu ya msingi wa hoteli hiyo.

Sheria haina huruma. Jengo la kale likithibitishwa kwa picha, mashine za manispaa hulirudisha palepale lilipokuwa, na wanaoishi hapo huondolewa. Mtaa wa pili umesharudi. Unang'aa kama vyombo vya kabatini, na hakuna anayeruhusiwa kulala humo.

"Kesho naipeleka manispaa, hoteli haina picha nyingine," alisema. "Watu waone tulivyokuwa."

"Na wajukuu zako watalala wapi?"

"Popote. Mji kwanza."

Hapo nilichoka. Nilimpokonya picha, nikachukua mkasi wa kukatia samaki, nikaufuata ukingo wa shela taratibu nisimguse uso. Nguzo, ngazi na roshani nikazitia kwenye mkaa. Bibi harusi nikamrudishia.

Alikigeuzageuza kile kipande mkononi.

"Sasa hapa nimesimama wapi?" aliuliza.

Nilipuliza mkaa mpaka roshani ya mwisho ikawa jivu, kisha nikainjika sufuria ya maharage.