Sindano ya Mayala

Kikao cha ukoo kilikuwa hakijaanza, lakini nguo za Zipora zilikuwa zimeshafungwa kwenye kitenge na kuwekwa mlangoni. Aliyezifunga ni mama mkwe wake, Limi, na wala hakujificha.

Zipora alizitazama, akapita, akaenda kumgeuza mumewe. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu Mayala apigwe kiharusi: kugeuza, kuosha, kulisha uji, kufuta mdomo, kugeuza tena. Mwaka wa pili huo. Mgongo ulimuuma hata akiwa usingizini. Watu walimwonea huruma Mayala, na ni haki yake. Yeye hakuna aliyemuuliza ameamkaje.

"Nisaidie kumkalisha, shemeji," alisema.

Mageni, mdogo wake Mayala, akaja mbio. Tangu kaka yake aanguke, alikuwa ameacha kuchimba dhahabu kule Nyarugusu, akahamia hapo nyumbani, akawa anambeba kama mtoto. Mtu wa miraba minne, hana hata kikohozi. Hakuwa msemaji, ila bila yeye Zipora angeshaelemewa zamani.

Wazee wakaketi. Baba mdogo Bujiku akauliza kilichotokea, ingawa kijiji kizima kilikijua.

"Mwanangu alikuwa mzima," Limi alisema. "Huyu akamng'ang'ania: chanjo ya korona, chanjo ya korona! Akaenda Jumatatu, Alhamisi akaanguka zizini. Arudi kwao. Wajukuu wangu watabaki."

Zipora alitaka kusema habari ya presha, jinsi daktari wa hospitali ya Kolandoto alivyomwonya Mayala asiache vidonge, naye akaviacha. Lakini ameshaisema mara ngapi? Tena, ukweli ni kwamba hata yeye alijilaumu. Siku ile alimtuma Mageni, aliyekuwa amekuja kuwasalimia kutoka machimboni, aongozane na kaka yake hadi zahanati, maana Mayala, mtu wa kushika fahali kwa pembe, akiona sindano hutoroka. Walirudi wakicheka. Mayala akala ugali, akaongeza. Mageni ndiye hakula. Alijikunyata na homa zake za mashimoni, Zipora akamkorogea uji.

"Mayu," alimwambia mama mkwe, "niachieni mdogo tu. Bado ananyonya."

Limi akatikisa kichwa.

Bujiku akamgeukia mgonjwa, kwa heshima tu, maana tangu aanguke Mayala hakuwahi kutamka neno. "Wewe unasemaje, mwanangu? Aende?"

Mkono wa Mayala, ule uliobaki mzima, ukainuka polepole. Kidole kikanyooka upande wa mlango, alikosimama mkewe. Zipora akainama kuchukua mzigo wake. Alikuwa amechoka hata kulia.

Lakini kidole hakikuishia hapo. Kiligeuka, kikatua kwenye bega la kushoto la Mageni, aliyekuwa amemwegemeza. Kikabonyeza. Kikabonyeza tena.

Mageni akafumba macho.

"Kaka aliogopa, shemeji," alisema. "Nilitaja jina lake, nikachomwa mimi."