Nyumba ya Mama Fuko Yenye Njia Nyingi

Chini ya shamba la mihogo aliishi Mama Fuko, mwoga kupita kiasi. Aliwachimbia wanawe vyumba vitano, na kila chumba akakiunganisha kwa njia na vingine vyote. Jirani yake Mama Panya, mpenda unadhifu, alivipanga vyake mstari mmoja, mlango mmoja.

"Shoga, hii nyumba au chekeche?" alimcheka.

"Cheka tu. Mimi nataka nifike kwa mwanangu popote alipo."

Siku hiyohiyo nyoka akaingia kwa Panya. Watoto wako chumba cha mwisho, nyoka yuko cha kwanza, mama yao yuko nje anapiga mayowe! Fuko akachimba mbio kutoka kwake, akatoboa ukuta, akawapitisha wote wanne, akaziba.

Panya aliwakumbatia wanawe. "Shoga, nikichimba nyumba nyingine, njoo uitoboe iwe chekeche."