Kamba ya Mlangoni

Wiki ya kwanza tangu ahamie ule mji wa majabali, Atupele alijikwaa tena kwenye kamba. Ilifungwa kwenye pete ya chuma mlangoni pake, ikavuka uwanja wa mawe hadi nyumbani kwa jirani, Bi Mwanakombo. Atupele, mwalimu mgeni aliyetoka nchi isiyo na bahari, hakuuliza ni ya nini. Alichukua kisu akaikata pale kwenye pete, na ncha akaitupa kando, ikaning'inia ukingoni mwa jabali lililopakana na uwanja, mawimbi yakiguruma chini kabisa.

Alasiri ukungu ukapanda kutoka baharini, ukameza uwanja mzima mpaka kizingiti. Atupele alinyoosha mkono, asivione vidole vyake.

"Mwalimu!" Bi Mwanakombo aliita toka kwake. "Tulia humo humo ndani, mwanangu! Mume wangu anakuja kukuchukua, ukae nasi mpaka kweupe. Hapotei huyo, ameshika kamba yako!"

Atupele akapiga kelele. "Asije! Mwambie asije! Nimeikata!"

Lakini upepo ulivuma kutoka kwao. Ulimletea maneno yao, na yake ukamrudishia kooni.

"Naja, mwalimu," mzee alisema bila haraka, kama mtu anayekwenda msalani kwake. "Bandika chai kabisa, tunywe kwanza ndipo twende."

Atupele akapiga magoti, akapapasa mawe yaliyolowa akiitafuta ile ncha. Hakuipata. Kushoto kwake, mbali na mlango, aliisikia kamba ikikwaruza ukingo wa jabali, na kikohozi cha mzee kikiifuata.