Chandarua cha Mwavuli

Kila mchana Mwanahawa alimfunika mtoto wake mchanga kwa chandarua kidogo cha mwavuli. Binti yake Sikudhani alilala pembeni, mkekani.

"Mama, na mimi?"

"Wewe homa ya dengue ulishaumwa, mwanangu. Haikupati tena."

Wiki chache baadaye homa ilimpata tena Sikudhani. Hospitalini, daktari alilivuta shuka taratibu hadi juu ya uso wa Sikudhani.

"Pole sana, mama. Dengue ina aina zaidi ya moja. Ikija nyingine, kinga iliyobaki mwilini inaweza kuisaidia badala ya kuizuia."

Jioni Mwanahawa alimtoa mtoto mchanga kwenye chandarua, akampakata. Akakifungua tena juu ya mkeka mtupu, kisha akaketi kando, akifukuza mbu kwa upindo wa kanga.