Wimbo Wasioujua

Chausiku alikuwa mwimbaji wa harusi, na katika kila harusi aliimba nyimbo za watu wengine, kwa sababu ndizo walizotaka kucheza. Siku ile, mbele ya ukumbi uliojaa wanawake, alilipakata gitaa lake akaanza wimbo alioutunga mwenyewe.

Shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyemwalika Chausiku kuimba, alimfuata jukwaani.

"We mwanangu, huo wimbo gani? Sisi hatuujui."

"Leo mtaujua, shangazi."

"Watu wamekuja kucheza, hawakuja darasani! Ukiendelea, hakuna harusi ya mji huu utakayoitwa tena."

"Basi niache niumalize vizuri, maana ndiyo naaga."

Wanawake wa meza ya mbele walicheka. Shangazi hakucheka. Alimpungia mkono fundi mitambo, na kipaza sauti kikazimwa.

Chausiku alikisukuma kando, akashuka jukwaani, akaimba kwa pumzi zake mwenyewe akipita katikati ya meza.

"Paza sauti, dada, au nyamaza tule!" mgeni mmoja alimtania.

Akaipaza.

Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha heshima, ameinamisha macho. Desturi haikumruhusu kuinua uso wala kusimama mpaka bwana harusi aje kumchukua. Chausiku alipofika ubeti wa pili, bibi harusi aliinua uso. Shangazi alimkazia macho ainame. Yeye akakusanya pindo la gauni kwa mikono yake yenye hina, akasimama.