Sweta la Rangi ya Kiini cha Yai

Kipande cha mbele cha sweta kilipotandazwa juu ya kaunta, Mama Nyuzi alikitambua kitambi cha mumewe.

Hakuhitaji futi. Kifua kipana kama mlango, na pale katikati mfumaji alikuwa ameongeza vitanzi ili tumbo lipate pa kupumzikia. Mwili wa namna ile mtaa mzima ulikuwa mmoja, na kila usiku ulikoroma kitandani kwake.

"Nimepatia, mama?" aliuliza msusi wa saluni ya jirani, mwanamke kijana mwenye kiuno cha nyigu.

"Umepatia, mwanangu. La nani vile?"

"La mtu wangu mmoja," msusi alijibu, akaangua kicheko. Wanawake wengine wa darasa la kufuma la Jumamosi wakainamia sindano zao, mabega yakiwatikisika.

Kumbe wote wanajua, aliwaza Mama Nyuzi. Mimi tu ndiye mjinga wa duka langu.

Mume mwenyewe alikuwa mle mle dukani, kwenye meza yake ya kutengenezea saa karibu na dirisha, kioo kikiwa jichoni, akijifanya hamnazo. Walikuwa wamekula sahani moja miaka mingi hadi wateja wageni wakauliza kama ni ndugu, naye hujibu kuwa ni mapacha, ila yeye ndiye mzuri. Mama Nyuzi alizoea kuucheka utani huo. Siku hiyo haukumchekesha hata kidogo.

Maana dalili zilikuwa nyingi. Uzi ule wa rangi ya kiini cha yai ulikuwa mpya, laini kama shavu la mtoto, na siku ulipoingia Mama Nyuzi mwenyewe aliutamani. Lakini nani aliwahi kumwona mwenye duka akivaa mali ya duka? Kesho yake msusi akaja akabeba madonge yote. Juzi manyoya ya uzi huo huo yalikutwa kwenye koti la mzee. Halafu kulikuwa na lile la jikoni. Mzee alimjia kwa nyuma, akamkumbatia kwa mikono miwili, akaganda hapo, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Hakumkumbatia vile hata siku ya harusi. Mwanamume akikukumbatia hivyo bila sababu, aliamua Mama Nyuzi, ana dhambi.

Aliumia. Alimpenda yule mzee, pamoja na tumbo lake na saa zake za watu zilizolia nyumba nzima. Alilia bafuni maji yakiwa yanamwagika ili asisikike, kisha akajifuta uso, akaapa: siku mzee atakapolivaa sweta lile, ndiyo siku atakayomfukuza na sanduku lake. Lakini kwanza alitaka kumwona akihangaika.

Jumamosi iliyofuata sweta lilikuwa limeshaunganishwa, mikono na yote. Ilibaki shingo tu.

"Hapa ndipo nakwama, mama," alisema msusi. "Vitanzi vya mwisho nafungaje?"

Kila anayefuma anajua kwamba shingo hufungwa kwa mkono mwepesi, ili ivutike kichwa kipite. Mama Nyuzi alikuwa amefundisha nusu ya mji hivyo.

"Vuta," alisema. "Kila kitanzi kivute mpaka sindano ilie."

"Kichwa kitapita kweli?"

"Chake kitapita. Kwani kina nini ndani?"

Msusi alitazama dirishani. Fundi saa akapaliwa na chai.

"Na mikono yenyewe," Mama Nyuzi aliendelea, maana alishaonja utamu, "mifupi kama miguu ya stuli! Mwanangu, na uzuri wote huo, gunia hili umeliokota wapi?"

Darasa zima likacheka hadi machozi. Mmoja ilibidi atoke nje. Msusi akauma mdomo, akavuta, na sindano ikalia.

Jumamosi ya tatu Mama Nyuzi alikuja amejiandaa. Sanduku la mzee lilikuwa chini, nyuma yake, limefungwa mikanda.

Mzee aliinuka mezani, akafunga mlango wa duka. Msusi akasimama kando yake, ameshika sweta. Wanawake wakaweka sindano chini.

"Mama watoto," alisema mzee, "kuna jambo nimekuficha. Fumba macho."

Angalau ana haya ya kunitazama, aliwaza Mama Nyuzi. Akafumba macho, akakaza meno asilie mbele ya watu.

"Nyanyua mikono."

Kabla hajauliza ya nini, sufu laini ilimteremkia mikononi, ikamkaa mabegani, ikamkaa kifuani, na pale katikati tumbo lake likapata pa kupumzikia.

"Limekuenea!" wanawake walipiga kelele na makofi. "Limekuenea kama ngozi!"

"Vipimo nilichukua mwenyewe, kule jikoni," alisema mzee kwa fahari. "Umefumia watu maisha yako yote, nikasema safari hii ufumiwe wewe. Haya, toa kichwa tukuone."

Ndani ya sweta kulikuwa na giza la rangi ya kiini cha yai. Mama Nyuzi alisukuma kichwa. Akasukuma tena, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye sanduku. Makofi yakaanza kupungua.

"Usijali, baba, kitapita tu," msusi alimwambia mzee taratibu. "Mwenyewe alisema hakina kitu ndani."